Matairi Mawili ya Mbele

Lammasvaara, 3 Oktoba 2016

Kwako Reijo,

Simu zako nimeziona, zote nne, na zote nimeziacha zilie mpaka zikachoka zenyewe. Tangu siku ile uliponifokea kana kwamba mimi ni mwanafunzi wako aliyegonga nguzo ya taa, nimeamua kuanzia sasa tutaandikiana. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Mimi mzima. Hali yako sikuulizi, maana utanieleza tu hata nisipouliza.

Nina jambo moja. Matairi ya baridi ya kigari cha marehemu mkeo Sirkka yamekwisha. Jana niliyatoa kibandani nikayakagua moja moja kwa tochi. Mifereji imebaki na kina cha ukucha, na zile njumu za chuma zinazouma barafu nusu zimeng'oka, nusu zimezama ndani ya mpira, hazina kazi tena. Nahitaji mengine kabla barabara haijaganda.

Nakuarifu kwa sababu moja tu: gari bado limeandikwa jina lako. Ulinikabidhi funguo siku ya mazishi ya mkeo, mbele ya watu wote, kahawa mkononi, watu wakasema lo, Reijo ana moyo. Cheti cha gari ukakirudisha mfukoni. Huu mwaka wa tatu. Hiyo ndiyo zawadi yako, unatoa huku umeshikilia.

Na unajua fika ninakwenda wapi na gari hilo. Kila Jumatano na kila Jumapili, kilomita hamsini na nane, kumlisha Eino chakula cha mchana katika nyumba ya wagonjwa kule Nurmes. Basi la huku linapita Jumatatu na Ijumaa. Nisipoendesha, simwoni mume wangu. Siombi ushauri, wala sikuulizi matairi gani. Nakuarifu tu.

Dada yako,
Aune


Turku, 8 Oktoba 2016

Dada Aune,

Nimefundisha watu udereva kwa miaka thelathini na minne. Zaidi ya watu elfu nne wamekaa kando yangu, wakiwemo mapadri na mabubu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hataki ushauri kabla sijafungua mdomo. Hongera, umevunja rekodi.

Basi sikiliza kwa makini, na usisome haraka haraka kama ulivyozoea. Njumu zisahau. Njumu ni za watu wasiojua kufunga breki. Dereva mwenye akili anavaa matairi laini ya baridi, yasiyo na chuma, mpira wake wenyewe ndio unaoshika. Hayapigi kelele, hayachimbi lami, na huku kwetu nusu ya mtaa wanayo. Nyinyi wa porini mnaabudu chuma kwa sababu babu zenu waliabudu chuma. Hakuna sababu nyingine, nimechunguza.

Sasa tuseme na lile ambalo watu wote wanalifikiri na hakuna anayelisema. Una miaka sabini na sita. Ulipokuja kwangu kiangazi cha mwaka juzi ulikwangua nguzo ya lango, ukasema lango ndilo lililosogea. Na hizo kilomita hamsini na nane unazipiga kwa ajili ya nini? Eino hajui kama umekuja au hukuja. Ukishafunga mlango tu, kwake hukufika kamwe. Mpigie simu Jumapili, muuguzi amshikie sikioni, yatosha. Unahatarisha shingo yako kwa mtu ambaye hata jina lako limemtoka.

Ukibisha, nitalitoa gari barabarani. Ni fomu moja, saini moja. Gari ni langu, wewe mwenyewe umeandika.

Nakutakia afya,
Reijo


Lammasvaara, 14 Oktoba 2016

Reijo,

Barua yako niliisoma nimesimama, maana ningekaa ningevunja kiti.

Kuhusu Eino, sikia hili, na usilirudie tena maisha yako yote. Jina langu limemtoka, ni kweli. Limemtoka na la kwake. Lakini muuguzi akimletea kijiko anabana midomo kama mtoto, na mimi nikileta anafungua kabla kijiko hakijainuka kwenye sahani. Juzi tulikula samaki na viazi, akala vyote, akanifuta mimi mdomo kwa leso yake. Wewe ulikuja kumwona mara moja kwa miaka minne, ukakaa dakika ishirini, kumi na tano ukamweleza muuguzi jinsi ya kuegesha gari. Wewe ndiye wa kunieleza Eino anajua nini? Ebu!

Haya, na hayo matairi yako laini. Turku theluji inaanguka asubuhi, ikifika mchana inaomba radhi na kuondoka. Mnaita hiyo baridi. Huku kuna mteremko wa Hiidenvaara, unashuka moja kwa moja hadi ukingo wa ziwa, na upepo wa ziwani unapapiga msasa pale mpaka unajiona uso. Mkwe wa jirani yetu Kaarina alikuja Krismasi kutoka huko kwenu, na matairi laini kama yako, na maneno mengi kama yako. Tulimvuta kwa trekta mara tatu kwa siku mbili. Mara ya tatu mume wa Kaarina alimaliza kwanza kahawa yake, na andazi, ndipo akatafuta glavu.

Jana nilikwenda kwa Ahti, yule wa duka la matairi njia panda. Akanitolea manne, yanang'aa, yananukia mpira.

"Mama Aune, haya mapya kabisa, hayajagusa lami," akasema.

Nikapiga magoti sakafuni. Nikawasha tochi, nikatafuta ubavuni zile namba nne ndogo za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Elfu mbili na nane!

"Ahti," nikamwambia, "mapya haya yalizaliwa kabla mwanao hajaanza shule, na sasa anavuta sigara nyuma ya kanisa."

Akawa mwekundu. "Nani kakufundisha kusoma hizo namba?"

"Mtu mmoja mwenye kiburi wa Turku," nikamjibu.

Basi akajaribu kuniuzia mapana, eti ndiyo yenye heshima barabarani. Nikamuuliza heshima ya nani, maana kigari changu ni chepesi, tairi jembamba linakata theluji mpaka lifike chini, pana litaelea juu yake kama maboya. Mwishowe akaandika oda: membamba, ya njumu, ya mwaka huu. Maoni yako sikuyahesabu humo. Hiyo fomu yako iache, jaza fumbo la maneno la gazeti.

Aune


Turku, 19 Oktoba 2016

Dada,

Kwa hiyo ulikuwa unasikiliza nilipokuonyesha zile namba. Ajabu. Ulikuwa unamenya viazi na hukuinua uso hata mara moja.

Mengine yote ni upuuzi mtupu, na sitajibu habari za trekta. Mjinga mmoja akiteleza haina maana matairi ni mabaya. Ina maana ni mjinga. Fomu nimeshaichapa, iko mezani kando ya redio. Nakupa mpaka tarehe ishirini na tano Novemba ujitafutie njia nyingine, taksi, jirani, chochote. Baada ya hapo gari litasimama, liwe na njumu, lisiwe na njumu, liwe na mbawa. Usiniite katili. Mimi ndiye pekee katika ukoo huu mwenye akili ya kusema basi.

Reijo


Lammasvaara, 31 Oktoba 2016

Kwa mwenye akili pekee katika ukoo,

Barabara imeganda Alhamisi. Ijumaa nikampigia Ahti, akasema kiwanda kimemletea mawili tu ya saizi yangu, mawili mengine wiki tatu mbele. Akaniambia nisubiri. Nikamwambia Eino hawezi kula leo chakula cha mchana cha wiki tatu mbele. Nikachukua hayo mawili. Akayafunga kwenye rimu, nikayaleta nyumbani, nikayafunga garini mwenyewe, uani, kwa jeki na spana yangu, na ya kiangazi yaliyotoka nikayaandika kwa chaki yalikokuwa, kama siku zote. Bibi wa miaka sabini na sita. Weka hiyo kwenye fomu yako.

Nimeyaweka mbele, bila shaka. Nyuma yapo yale ya zamani yaliyo nafuu. Lammasvaara nzima hufanya hivyo mwaka ambao mkono ni mfupi au duka limeishiwa. Gari linavuta kwa mbele, linageuka kwa mbele. Nyuma kunafuata tu, kuna kazi gani nyuma?

Na jana, Jumapili, nilikwenda Nurmes nikarudi. Taratibu, njumu mpya hazitaki haraka siku za kwanza, ziachwe zikae kwenye mpira. Kupanda Hiidenvaara gari lilikwea kama paka mtini. Pale juu nilipita gari la mtu limekwama, namba za kusini, matairi laini. Nilimpungia mkono. Moyo wangu ulifurahi kuliko unavyoruhusiwa Jumapili.

Basi ndugu yangu, na hiyo redio yako, na hiyo meza, na hiyo fomu, kaeni salama.

Aune


Turku, 3 Novemba 2016

Aune,

Nimeishi miaka sabini na moja nikidhani upumbavu una mwisho, leo umenionyesha hauna. Umepekua namba za Ahti kwa tochi kama mpelelezi, ukakataa mapana, ukachagua vizuri, sikatai, ulichagua vizuri kuliko nusu ya wanafunzi wangu, kisha ukaenda ukaharibu yote kwa jeki yako mwenyewe. Na unajisifu! Lammasvaara nzima hufanya hivyo! Lammasvaara nzima ilikuwa inaweka siagi kwenye majeraha ya moto.

Soma hapa polepole. Matairi mazuri yanakwenda NYUMA. Siku zote. Hata gari livute kwa mbele. Kupanda hutaona tofauti, ndiyo maana unafurahi. Ngoja ushuke. Utagusa breki, mbele kutashika kwa nguvu kwa sababu kuna njumu, na nyuma hakuna kitakachoshika chochote. Nyuma kutataka kukupita. Gari litazunguka kabla hujasema neno, na usukani mkononi hautakusaidia, hata mimi usingenisaidia. Nimewaona watu waliozunguka hivyo. Wengine sikuwaona tena.

Ukipata barua hii usinywe kahawa kwanza. Toka nje, hamisha. Usiende Jumapili kabla hujahamisha. Nimekupigia mara sita na hupokei, na namba ya jirani yako siijui. Nakuomba, Aune. Nitukane unavyotaka, lakini hamisha.

Reijo


Lammasvaara, 11 Novemba 2016

Mdogo wangu mpendwa Reijo,

Asante kwa barua yako nzuri na kwa ushauri. Mimi sijambo kabisa, na gari halijambo. Huku hali ya hewa ni ya kawaida kwa majira haya. Eino pia hajambo, anakusalimu. Mwandiko usikushangaze, kalamu imeingiwa na baridi.

Kuhusu ile tarehe ishirini na tano, labda tusiharakishe mambo.

Jitunze, vaa soksi za sufu.

Dada yako akupendaye,
Aune


Nurmes, 17 Novemba 2016

Mheshimiwa Bwana Reijo,

Mimi naitwa Henna Piirainen, ni muuguzi katika nyumba anamotunzwa shemeji yako, Mzee Eino. Jina lako liko kwenye faili letu kama ndugu wa pili wa kujulishwa. Nimekupigia simu mara tatu hupokei, nadhani hupokei namba usizozijua, baba yangu naye yuko hivyo hivyo, kwa hiyo naandika.

Mama Aune hajaja tangu Jumatano tarehe mbili. Mwenyewe alitupigia, akasema ana mafua na hataki kutuambukiza. Lakini huku ni kudogo, Mheshimiwa, na mume wangu ndiye mwenye lori la kuvuta magari. Jumapili tarehe sita alilitoa gari la Mama Aune mtaroni chini ya Hiidenvaara, limelalia ubavu, limeangalia lilikotoka. Anasema mita nne mbele lilikuwa ziwa. Mama mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kisiki, akamwamuru asimwambie mtu. Mume wangu huniambia mimi kila kitu, hilo Mama hakulijua. Ana mbavu zilizochubuka, kifundo cha mkono kimeteguka, na nusu ya uso imekuwa zambarau. Daktari amemwona. Hatari hakuna.

Ninachokuandikia ni kuhusu Mzee Eino. Siku za kawaida hatujui anajua nini. Haulizi siku wala saa. Lakini Jumapili ile, saa tano asubuhi, alikwenda kabatini akavaa koti na kofia, akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Tulidhani anataka kutoka nje. Hakutaka. Alikaa mpaka giza likaingia, hakula. Jumatatu na Jumanne kimya, hakuligusa koti. Jumatano saa tano akalivaa tena. Jumapili tena. Jana Jumatano tena. Hakuna aliyemwambia ni siku gani, nimewauliza wenzangu wote.

Kwa simu hataki. Tulimpa Mama Aune sikioni, akaitazama simu, akaiweka mezani, akarudi kwenye kiti. Koti anakataa kulivua mpaka tumpeleke kulala, na uzito umeshuka. Kama kuna mtu wa familia anayeweza kumleta Mama, tungefurahi. Uso wa zambarau si kitu, tumeona nyuso nyingi.

Kwa heshima,
Henna Piirainen


Turku, 21 Novemba 2016

Aune,

Soksi za sufu! Miaka sabini na moja hujawahi kuniandikia habari ya soksi. Nilijua kuna jambo nilipofika kwenye "mpendwa". Kisha ikaja barua ya muuguzi. Naiweka humu ndani uisome mwenyewe, maana kuna kitu humo mimi siwezi kukueleza kwa maneno yangu. Isome yote, mpaka pale penye koti.

Umeisoma? Basi.

Nilikuwa natafuta namna ya kuanza na kukutukana, na nimeandika kurasa mbili za matusi, nzuri sana, nimezichana. Mimi ndiye niliyekuambia hajui. Nilikuambia umpigie simu akashikiwe sikioni. Nimekaa na barua hiyo jana kutwa nzima, na kila nikifika kwenye kiti cha mlangoni najisikia mchafu. Sijui niseme nini kingine. Nilisema kwa ujuaji wa mtu asiyejua kitu.

Sasa nikuambie na lingine, kwa kuwa leo ni siku ya aibu. Ulidhani fomu ile niliichapa kwa sababu ya lango lililokwanguliwa. Mwezi Machi nilikwenda kupima macho kwa ajili ya leseni. Daktari, kijana, naapa ni mmoja wa wanafunzi wangu, niliwahi kumfelisha mtihani mara mbili, akaniambia pole Mwalimu, pembeni huoni tena. Leseni wakaichukua. Sijamwambia mtu. Nimeuza gari, majirani nimewaambia nataka kufanya mazoezi. Napanda basi namba saba na vijana wananipisha kiti. Kila ulipoandika habari za Hiidenvaara nilitaka kuing'oa leseni yako kwa meno. Ndiyo sababu yenyewe. Usalama wako niliuweka mbele kama pazia.

Nimeongea na Ahti. Nimemwambia mimi ni yule wa Turku, akasema anajua, akawa na adabu sana. Matairi mawili yaliyobaki yamefika, ya mwaka huu, nimemfanya azisome namba kwa sauti. Yatakwenda nyuma, na ameahidi kwamba hutayagusa wewe. Cheti cha gari kimo humu, nimekisaini, jaza jina lako uwapelekee wa usajili. Fomu ile nyingine nimewashia jiko la sauna.

Najua utanicheka. Anza.

Reijo


Lammasvaara, 1 Desemba 2016

Reijo,

Namba saba! Mwalimu mkuu wa breki, kwenye basi namba saba, anapishwa kiti! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na bado zina michubuko, kwa hiyo hata kukucheka kumenigharimu. Mwaka mzima nimefundishwa kuendesha na abiria. Kaarina nimemwambia, samahani, sikuweza kukaa nalo peke yangu. Amesema hata yeye anakuonea huruma, na Kaarina hana huruma na kitu chochote.

Nimemaliza kucheka. Sasa na mimi.

Ile barua yako ya tarehe tatu ilifika Jumamosi. Niliuona mwandiko, nikaona na herufi kubwa zilivyokandamizwa mpaka zimetokea nyuma ya bahasha, nikasema huyu ananitukana, nitaifungua siku nikiwa na hamu ya kutukanwa. Nikaiweka nyuma ya mkebe wa kahawa. Jumapili asubuhi nikanywa kahawa, bahasha inaniangalia, nikavaa koti nikaondoka. Pale Hiidenvaara niligusa breki kidogo tu, kidogo kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Nyuma kukanipita. Niliona ziwa, nikaona nilikotoka, nikaona ziwa tena. Nilipofika nyumbani ndipo nikaifungua, kwa mkono wa kushoto na meno. Kila neno lilikuwa limetokea kama ulivyoliandika. Nilikaa jikoni na koti, nikalia kwa hasira, sijui hasira ya nani.

Kwa hiyo ulisema kweli kuhusu nyuma. Nimeliandika mara moja, itunze karatasi hii, nyingine hutapata. Na mimi nilisema kweli kuhusu njumu, na kuhusu Eino, kwa hiyo usijione.

Sikwenda Nurmes kwa sababu ya uso. Nilidhani akiniona zambarau ataogopa, hatanijua, na yale uliyoyaandika yatakuwa kweli mbele ya macho yangu. Nikasema ngoja uso upoe kwanza, yeye hajui siku, wiki tatu kwake ni nini? Umeona? Matusi yako nilikuwa nimeyameza. Nilikutukana kwa barua, na kichwani nikakuamini. Muuguzi anaandika habari za koti, mimi nimekaa hapa nasubiri uso urudi rangi yake. Sitajisamehe hilo haraka, na wewe pia sitakusamehe haraka, tugawane.

Ahti alifunga yale mawili nyuma Jumatatu, mlango wa kushoto amenipa wa rangi nyingine, kigari sasa kinafanana na wewe ulivyovaa siku ya kipaimara chako. Cheti kimefika kwa wa usajili. Ni langu. Ukija Krismasi, njoo na basi la Ijumaa, nitakuja kukupokea kituoni. Utakaa nyuma, kimya, mikono magotini. Ukisema neno "breki" nakushusha popote tulipo.

Jana, Jumatano, nilikwenda. Mteremko ule nilishuka gia ya pili, gari limenyooka kama kamba ya nguo, sikuomba hata Mungu. Saa tano na robo nikafungua mlango wa ile nyumba. Alikuwa pale kitini, koti limefungwa vifungo vyote, kofia magotini. Uso wangu bado una umanjano upande mmoja, niliugeuzia ukutani. Akanishika kidevu akaugeuza, akautazama wote, hakuogopa. Miezi kumi na minne hajanisemesha sentensi nzima, Reijo. Jana alisema, "Umechelewa sana."

Muuguzi aligeuka dirishani. Nikaanza kumfungua vifungo vya koti, nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu, ni makosa ya Reijo." Si kweli yote, lakini nimezoea kusema hivyo.

Akafikiri. Akanishika mkono.

"Reijo ndiye nani?" akauliza.

Aune